Kusoma Kwenye Kioo Kilichozimika

Kuze, Mombasa
12 Mei 2025

Kwa Shangazi yangu Mwanakuu,

Assalam alaykum, na shikamoo. Salamu za mama natanguliza kabla ya zangu, maana asubuhi hii tumegombana na nikiziweka nyuma atajua.

Sote tu wazima. Mvua yanyesha kila siku. Chumba cha chini kilichokuwa madrasa yako kimepakwa chokaa upya, na paka wa Bi Ummukulthum amezalia humo watoto wanne, kwa hiyo mahali hapajakosa wanafunzi. Watu wangali wauliza umehamia Eldoret kwa sababu gani, na mama awajibu kuwa umechoka umekwenda kupumzika kwa mwanao. Jamaldin hajambo? Mwambie asikunyime blanketi.

Ulinikataza kukupigia simu kwa mambo ya kazi. Ulisema mpiga simu husema la kwanza linalomjia, na mwandishi hupata muda wa kuona haya. Basi naandika, na haya ninayo tele.

Mazoezi ya kufundisha yameanza. Nimepangiwa shule ya msingi upande wa Shimanzi, karibu na magodauni, Gredi ya Tatu, watoto arubaini na wawili. Malori yakipita, madirisha yatetemeka na mimi nanyamaza, kisha naendelea nilipoachia kama nikikumbuka nilipoachia.

Wajua mimi na mitambo. Mwaka jana pale chuo cha ualimu niliandika insha ya kurasa kumi na mbili, "Mwalimu wa Kesho", nikasema humo kwamba chaki ipelekwe Ngomeni ikaoneshwe watalii. Wenzangu walinipigia makofi. Basi Jumatano mwalimu wa kesho akaja na projekta ya kuazima na slaidi thelathini na nane. Herufi zaruka kutoka kulia, ng'ombe atembea mwenyewe mpaka kwenye neno lake. Mkaguzi wetu wa chuoni, Mwalimu Kioko, ameketi nyuma na faili lake. Nikaunganisha simu yangu, nikasema, "Haya watoto, tusome kwa pamoja." Hapo hapo ujumbe wa mama ukatua ukutani, herufi kubwa kama mbuzi: FADHIYA KANCHIRI ZAKO ZIKO KAMBANI NA MVUA YAJA.

Wakasoma, Shangazi. Arubaini na wawili, kwa sauti moja, hakuna aliyekwama. Mmoja akauliza kanchiri ni nini na mwenzake akamweleza kwa mikono, kifuani. Hilo ndilo somo pekee la siku ile lililoeleweka.

Kisha umeme ukakatika. Nilisimama na kipande cha chaki mkononi, ubao mtupu nyuma yangu, na dakika ishirini na tano zimebaki. Sikujua la kuandika. Kila nililojua lilikuwa ndani ya ile projekta. Tuliimba wimbo wa taifa. Tuliimba mara mbili.

Mwalimu Kioko aliandika mengi. Umebaki ukaguzi wa pili na wa tatu. Lakini nimepata wazo jipya, zuri kwelikweli, nitakueleza likishakomaa.

Nakubusu mikono,
Fadhiya


Eldoret
27 Mei 2025

Mwanangu Fadhiya,

Alaykum salam, na marahaba. Barua yako ilikaa siku nne kwenye ofisi ya vifurushi vya basi kabla Jamaldin hajaikumbuka. Yeye hajambo, mkewe hajambo, mimi sijambo ila baridi. Huku watu wavaa koti kwenda kuanika nguo.

Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Baridi imenishika vidole, kalamu yanitoka. Anayeandika ni jirani yetu Naomi, mshonaji, mtu mwenye subira. Yeye pia ndiye aliyenisomea yako, kwa kuwa miwani yangu nimeikalia ikavunjika. Kwa hiyo kanchiri zako sasa zajulikana mpaka Eldoret. Naomi alicheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano. Anasema niandike kwamba anaomba radhi. Sijamwambia aandike hivyo.

Nakujua tangu ukitambaa. Wewe ukivunja kitu huanza kwa kuchekesha watu. Umeniandikia kurasa tatu za kichekesho na hukusema ulipata nini. Mwaka jana ulisema mazoezi yameahirishwa. Mamake Zakiya ameniambia mazoezi ya mwanawe hayakuahirishwa, naye alikuwa darasa moja na wewe. Sikuuliza wakati ule kwa kuwa mtu mzima huachiwa aibu yake. Sasa nauliza.

Na hilo wazo, liwe zuri. Lakini ukisema zuri kwelikweli, mimi moyo hunienda mbio.

Idi yaja na sitakuwapo. Mpikie mamako, asipike peke yake.

Shangazi yako,
Mwanakuu


Kuze, Mombasa
19 Juni 2025

Kwa Shangazi,

Assalam alaykum, shikamoo, na Idi njema iliyochelewa. Tulipika pilau, mimi nilichambua mchele na kulaumiwa. Kaka Fahmi alikuja na mkewe, walikuulizia. Mama ana kikohozi lakini apona. Salamu kwa Dada Naomi, mwambie kicheko chake kimenifikia na sikukasirika sana.

Umeuliza, nakujibu. Ukaguzi wa kwanza nilianguka. Mwaka jana pia nilianguka, hakuna kilichoahirishwa isipokuwa mimi kusema ukweli. Wakiniangusha tena sina mwaka mwingine bure, na mama ashawaambia Kuze nzima kuwa mimi ni mwalimu. Nikipita, watoto wa mtaani waniamkia "Mwalimu", na mimi naitika.

Sasa lile wazo. Shuleni kuna vishikwambi vya serikali vimefungiwa kabatini, vyaogopwa kama vyombo vya harusi. Nilivitoa. Nikarekodi sauti yangu nikisoma masomo yote ishirini ya kitabu cha kusoma, nikayaingiza humo. Kila mtoto na kishikwambi chake na vidude vyake vya masikioni. Maneno yako kwenye kioo, sauti yangu sikioni, mtoto afuata kwa macho. Nikamaliza. Darasa likawa kimya, Shangazi, kimya ambacho hujapata kukisikia pale kwetu chini. Mimi nikawa natembea katikati ya madawati, mikono nyuma, kama gavana.

Mwalimu Kioko alikuja kwa ukaguzi wa pili akapigwa na butwaa. Akataka kusikia mtoto mmoja mmoja. Nikamtoa Mapenzi, mtoto wa miaka tisa, mwembamba, hazungumzi sana. Akasoma somo la saba moja kwa moja, kwa kituo, kwa mahadhi. Mwalimu Kioko aliandika "Bora" na akapigia mstari. Akaniambia tarehe kumi na moja Julai, siku ya Ijumaa, nikawaoneshe wanachuo wote mtindo wangu, nimlete na Mapenzi asome mbele yao, na siku hiyo ndiyo itakuwa ukaguzi wangu wa tatu. Nilirudi nyumbani nikimwambia kila niliyekutana naye. Muuza kahawa nilimwambia mara mbili.

Wiki iliyopita nikawa namsikiliza Mapenzi, tukijiandaa kwa siku hiyo. Katikati ya somo la saba kishikwambi kikaishiwa moto. Kioo kikazimika, cheusi titi. Yeye akaendelea kusoma.

Nakuapia, la kwanza lililonijia ni kwamba nimemfundisha vizuri mno.

Akaendelea, macho kwenye kile kioo cheusi, kidole chatembea mstari kwa mstari ambao haupo. Akafika pale paka anapopanda juu ya dari, akasita, akakohoa kidogo, akaendelea. Hapo ndipo nilipoelewa. Siku niliporekodi somo la saba nilikuwa na mafua. Pale pale, juu ya dari, nilikohoa. Mtoto amejifunza mpaka kikohozi changu. Na Mwalimu Kioko alikisifia, alisema mtoto anajua kupumzika kwenye sentensi.

Nikampa kitabu cha karatasi nikamwonesha neno "mama". Alinitazama usoni akisubiri nianze mimi. Hajui kusoma hata neno moja, Shangazi. Amekaa na mimi wiki sita na mimi nazunguka kama gavana.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia Mwalimu Kioko naanguka mara ya tatu. Nikinyamaza, Mapenzi atasoma siku ile kama kinanda, watampigia makofi, atapanda Gredi ya Nne na hakuna atakayejua tena mpaka awe mtu mzima. Najua wewe ungefanya nini, lakini nataka niambiwe. Nijibu upesi.

Fadhiya wako


Eldoret
7 Julai 2025

Mwanangu,

Alaykum salam, marahaba. Huku wazima. Mke wa Jamaldin amepanda sukuma wiki, zimeota.

Uliniomba nijibu upesi na nimechelewa. Si ugonjwa. Mara tatu nimemkalisha Naomi na kalamu, na mara tatu nimemwambia tuache mpaka kesho, tunywe chai. Leo amesema haondoki mpaka niseme, na chai ameshakunywa.

Wakumbuka madrasani nilivyokuwa. Nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele au nashona, watoto ishirini wote wasoma kwa sauti, kila mmoja mahali pake, kelele mpaka barabarani. Watu walistaajabu vipi namsikia aliyekosea. Masikio yalikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kijiti. Kila mtoto ana kijiti chake cha kuonyeshea neno, na mimi sikutazama mdomo, nilitazama kijiti. Kijiti na sauti vikifika pamoja, mtoto asoma. Sauti ikitangulia kijiti, huyo amehifadhi, na namrudisha nyuma.

Sasa sikiliza. Kwa miaka mitano ya mwisho sikuwa nakiona kijiti.

Macho yamefunga ukungu, la kushoto kabisa, la kulia lajua mwanga na giza na umbo la mtu. Sikumwambia mtu. Nyumba naijua kwa miguu, vitunguu navijua kwa mikono, na watoto niliwajua kwa sauti. Msahafu niliushika mbele yangu, nikafungua kurasa kwa wakati wake, na kila mtu akadhani nasoma. Nimehifadhi tangu msichana. Huyo Mapenzi wako na kioo chake cheusi, nilipoambiwa habari zake nilimwambia Naomi arudie. Huyo ni mimi, ila nimevaa buibui.

Vidole vyangu havina baridi. Miwani sikuikalia. Ilikuwa hainisaidii kitu, nikaitia mtungini.

Na Riyadh wa Bi Ummukulthum, yule niliyemkhitimisha Msahafu mwaka juzi, tukagawa halua na kahawa mpaka msikitini. Sauti tamu, hakosei. Mwezi wa Desemba mamake alimpa barua ya shangazi yake asome, ile ya Kiarabu kutoka Muskat, mtoto akalia. Alikuwa hajui herufi. Miaka mitatu amekaa mbele yangu. Bi Ummukulthum hakunilaumu, alisema ni bidii ndogo ya mtoto. Nami nikamwachia aamini hivyo. Nilimwacha mtoto wa watu ahesabiwe mvivu kwa sababu ya macho yangu. Mwezi uliofuata nikapanda basi la Eldoret nikawaambia watu nimechoka.

Kwa hiyo wewe unayesema wajua mimi ningefanya nini, ndivyo nilivyofanya. Nilitoroka kwa adabu. Usifanye kama mimi. Mwambie huyo mwalimu wako kabla ya siku yenyewe, uanguke kama ni kuanguka. Mimi sikuanguka na sijapata usingizi mzuri.

Jamaldin hajui, na usimwambie. Ataniburura mahospitalini na mimi naogopa visu. Hilo nakukataza.

Shangazi yako


Kuze, Mombasa
14 Julai 2025

Kwa Shangazi,

Assalam alaykum, shikamoo. Kikohozi cha mama kimepona. Paka amehamisha watoto wake, sijui wapi.

Barua yako imefika Jumamosi, siku moja baada ya ile Ijumaa. Niliyafanya bila ya kuambiwa, na vibaya.

Jumatano nilimfuata Mwalimu Kioko ofisini nikamweleza yote, hata kikohozi. Alivua miwani akaifuta. Akasema, "Mlete asome hivyo hivyo, siku ishapangwa, mkuu wa chuo anakuja. Kisha utamfundisha polepole, hakuna atakayejua." Si mtu mbaya. Ashawasifia wakubwa wake habari zangu. Nikamwambia sawa, Mwalimu. Nilisema sawa, Shangazi, nikatoka hata nikamshukuru.

Alhamisi nikawasikiliza watoto wote, mmoja mmoja, kitabu cha karatasi. Kumi na mmoja walikuwa wakikohoa juu ya dari.

Ijumaa sikumleta Mapenzi. Nilisimama peke yangu mbele ya wanachuo mia mbili na mkuu wa chuo, na slaidi sikuwa nazo. Nikawaambia mtindo wangu ulivyo, na kwamba watoto kumi na mmoja wameshindwa kusoma na mimi nikiwa humo humo darasani. Nikasema kishikwambi hakikukosea. Nilikituma kusema, kikasema. Kusikiliza sikukituma, hiyo ilikuwa kazi yangu na nikaiacha niende nikatembee. Nikawasimulia na ya kanchiri, kwa kuwa nilikuwa nimeshavuliwa nguo tayari. Walicheka sana. Kisha hawakucheka, na mmoja akauliza je, yeye atajuaje wa kwake ni wangapi. Mwalimu Kioko hakuniangalia.

Nimeanguka. Narudia muhula mzima, na wameniambia ni mara ya mwisho. Nililia chooni pale chuoni mpaka mfagiaji akanigongea. Mama nimemwambia jana. Alisema watoto wa mtaani waendelee kuniita Mwalimu, keshawazoesha.

Vishikwambi sijavirudisha kabatini. Sasa watoto ndio wanaorekodi, na mimi nasikiliza nikipika, namwandikia kila mmoja alipokwama. Mchuzi wanikauka lakini nawasikia. Mapenzi nakaa naye kila siku baada ya masomo, kitabu cha karatasi na kijiti. Kijiti nilianza nacho leo, baada ya barua yako. Amesoma maneno matano kwa dakika nne. Hakukohoa.

Sasa lako. Dada Naomi, tafadhali hapa soma kama nilivyoandika, usipunguze ukali. Shangazi, umenikataza nisimwambie Jamaldin na sijapata kukuvunjia neno tangu nizaliwe. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi huu umwambie mwenyewe. Usipomwambia, nitampigia simu, simu, nimwambie la kwanza linalonijia. Niite mtovu wa adabu. Wewe umeniambia nianguke kama ni kuanguka. Mimi nishaanguka, nakusubiri wewe. Na pia nimelia kwa ajili yako, hilo nalo alisome.

Na Riyadh aja kwetu kila Jumamosi tangu juzi. Nimemwambia mamake nahitaji mtoto wa kujifunzia kazi. Sikumwambia zaidi, hayo ni yako kuyasema.

Fadhiya


Eldoret
3 Agosti 2025

Mwanangu Fadhiya,

Alaykum salam na marahaba, ewe mtovu wa adabu. Naomi hakupunguza ukali. Nadhani aliongeza.

Nimemwambia Jamaldin Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana. Alitoka nje, akawasha gari, akalizima, akarudi ndani akalia kama alivyokuwa akilia akinyimwa tende. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia, akahesabu, akalia tena. Nilikuwa nimejitayarisha agombe. Hilo la kulia sikulitayarishia kitu.

Jumatatu alinipeleka kwa daktari. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari asema ningekwenda mapema ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Nilimwambia mapema nilikuwa na shughuli ya kuzuga watu. Watanifungua la kulia Jumanne wiki ijayo. Wana mashine ya kuvunja ule ukungu, kisha watia ndani ya jicho kioo kidogo cha plastiki, na hicho hakitoki tena mpaka kaburini. Mimi niliyekataa habari za kazi kwa simu, sasa nitatembea na mtambo kichwani. Cheka, una ruhusa.

Bi Ummukulthum nimemwandikia. Naomi ametia barua hiyo katika bahasha moja na hii, umpe mkononi, na ukae naye akiisoma. Huenda asitake kunisemesha tena. Ana haki.

Naogopa, Fadhiya. Siogopi kisu peke yake. Naogopa nikifunguliwa na bado nisione, kwa kuwa sasa kila mtu ashajua na sina tena pa kujificha.

Nikuambie moja la mwisho, Naomi amechoka mkono. Siku ya kuondoka, pale stendi, nilimkumbatia mamako, nikageuka nikakukumbatia wewe, nikakusomea dua sikioni nikakwambia usome kwa bidii. Mamako akacheka akasema, "Wifi, mimi ushanikumbatia." Nikamjibu kwamba safari ni ndefu, wifi hukumbatiwa mara mbili. Kumbe wewe ulikuwa hatua moja pembeni, umeshika mkoba wangu, na niliogopa kunyoosha mkono nikakukosa tena mbele ya watu. Nikapanda basi. Mpaka leo sijui ulikuwa na uso gani.

Shule zikifungwa, njoo. Usiniletee kitu. Simama karibu.

Shangazi yako,
Mwanakuu